Magunia ya Ukindu Mwekundu

Shikamoo mama. Huku Unguja mvua haituachi, lakini Shangazi na mimi wazima.

Jana nilipita Malindi, hapa hapa mjini, kwenye kinu cha mafuta kilichofungwa ile miaka mbata ilipokosa mnunuzi. Mama, kinakamua tena! Ngamia wa kukizungusha ni yule yule, kafungwa kitambaa machoni. Wanasema hata kinu kilipolala alikuwa akizunguka uani bila ya kuamrishwa. Nikakukumbuka wewe, usinikasirikie, ulivyoshikilia kuanika nazi ziwe mbata na majirani wakikucheka.

Halafu nikaona magunia yaliyoshonwa midomo kwa ukindu mwekundu. Huko kwetu Pemba nzima, nani mwengine anashona hivyo?

"Hayo ndiyo tunayoanza nayo," mwenye kinu akaniambia. "Mbata ya jua, haina harufu ya moshi. Mshonaji simjui."

"Mimi namjua," nikasema. "Kanizaa."

Kanijazia chupa ya mafuta, safi kama maji. Ntakuletea, ujipake nywele jasho lako mwenyewe.

Bahasha nimeikataa makusudi, kila atakayeishika kadi hii njiani aisome. Na wale waliokucheka, wasomewe kwa sauti.

Nakubusu mikono,
mwanao Zuhura