Kwaya Juu ya Mashine ya Baba

Hamburg, Jumapili

Kaka Omondi,

Pokea salamu zangu, ingawa leo mkono unaziandika bila furaha. Mwili wangu ni mzima. Natumaini duka lako la kaseti hapo Oyugis linaendelea, na kwamba goti la mama kule Rodi Kopany limetulia tangu mvua ikatike. Hali ya mama nakuuliza kwa mazoea tu. Jibu lako sijui kama nitaliamini.

Mwaka jana nilikutumia kaseti ya albamu yangu, ile niliyoitengeneza siku zangu za mapumziko, baada ya wiki nzima ya kufua mashuka ya hospitali. Hamna gitaa ndani wala mtu anayeimba. Ni mashine ya baba ya kusaga mahindi, niliyoirekodi nilipokuja nyumbani mara ya mwisho akiwa hai. Niliingiza sauti ile kwenye kompyuta ya kuazima, nikaikata vipande, nikaipunguza mwendo mpaka ikawa inahema kama mtu. Ulijua ni nini, maana nilikueleza.

Huku waliipokea vibaya, na hilo sikukuficha. Mwandishi mmoja wa gazeti la muziki alisema ni sawa na kukaa saa nzima na friji mbovu. Mwingine aliisifu, ila alisifu ngoma za kale za mababu zangu, nami nikacheka mpaka nikalia, kwa sababu mababu zetu hawakuwa na injini ya dizeli. Mteja mmoja aliirudisha dukani akidai imeharibika. Siku ya kuizindua, watu walianza kutafuta makoti yao kabla upande wa kwanza haujaisha.

Nilivumilia kwa ajili yako. Wewe uliniandikia kwamba Oyugis wanaielewa, kwamba siku ya soko ukiifungulia watu wanajaa mlangoni na wazee wanatikisa vichwa. Barua hizo nilizisoma kwenye basi nikienda kazini, nikashuka nikitembea kama mtu mwenye kwao. Kampuni iliyonitolea albamu iliponiambia niongeze ngoma na kuimba kidogo, ili nisikike Mwafrika kamili, nilikataa. Niliwajibu kwamba nyumbani wanaipenda hivyo ilivyo. Wakaachana na mimi. Leo sina wa kunitolea ya pili, Omondi, na nilikataa nikiegemea maneno yako.

Mwezi uliopita akafika Chacha, yule fundi redio wa Kegonga aliyepanga chumba kando ya duka lako. Amekuja kusomea ufundi. Nilimkaribisha, nikasonga ugali, naye akatoa kaseti ya kwaya uliyompa ya safarini. Tukaiweka. Waliimba vizuri, siwezi kuwalaumu. Walipomaliza, mkanda ukaendelea kuzunguka, na baba akaanza kusaga.

Chacha akainua kichwa. "Ah, hii si ndio ile ya mama yenu?"

Nikamuuliza ya mama kivipi. Yeye, bila kujua anachopasua, akanieleza yote. Siku ya kwanza ulipoifungulia, vijana wa steji ya matatu walikuuliza, "Buda, redio yako imeshikwa na nini?" Ukacheka nao. Ukawaambia, "Ni dada yangu huyo, Ulaya imemchanganya." Ukaizima.

"Lakini mama alikuwa anakuja kila siku ya soko," Chacha akasema. "Anaweka kikapu chini, anakaa kwa benchi, anamwambia Omondi, niwekee baba yenu. Anasikiza mpaka mwisho, halafu anaenda kununua sukari. Siku moja Omondi akamwambia redio imekula kaseti. Na mimi ndio fundi. Hiyo redio haikuwa imekula kitu. Mama akasema basi, muandikie Akinyi atume ingine."

Kaka, sukari iko Rodi. Rodi ina soko lake. Mama alikuwa anasafiri na goti lile mpaka Oyugis kumsikiliza mumewe, na wewe ukamfuta, ukaweka kwaya juu yake kwa kuwa kwaya inanunuliwa.

Ungeniambia watu hawaipendi, ningenuna kidogo kisha nikazoea. Wajerumani wameshanizoeza. Kilichoniumiza ni kwamba ulinitungia umati mzima, halafu msikilizaji mmoja wa kweli niliyekuwa naye, mama yangu mzazi, alipoomba, hukuandika hata mstari. Nimesalitiwa, na aliyenisaliti ni wewe. Sina neno laini zaidi.

Mama hajui kuandika. Tangu nije huku kila neno lake limepita kwenye kalamu yako. Jana nilizisoma tena barua zako nikimtafuta ndani yake. "Mama anasema uvae nguo nzito." Ni yeye au ni wewe? "Mama anasema hana shida yoyote." Hata hilo silijui tena.

Msalimie wifi yangu, na watoto, na huyo jirani yako muuza dagaa wa omena ambaye hakunikosea kitu. Mama usimpe salamu yoyote kutoka kwangu. Zake nimezituma kwa shangazi yetu, mwalimu wa Migori, pamoja na kaseti nyingine na redio ndogo ya betri. Shangazi ndiye atakayeniandikia mama anachosema.

Siku ya soko ukikaa mlangoni usimwone akija, usimtume mtu kumwita. Ana anachosikiliza nyumbani.

Dada yako,
Akinyi