Maharagwe Yanakwenda Roma

Alhamisi, 28 Agosti 1975

Pasipoti imefika! Citoyen Cirhuza, mkuu wetu wa kazi hapa kituo cha utafiti wa mbegu, ameiweka mezani pangu, akarudi kujifungia ofisini mwake. Nikamsikia anacheka peke yake. Basi ni kweli. Roma, mkutano wa kimataifa wa maharagwe, kuanzia tarehe 15 Septemba. Nimepewa robo saa nieleze kwa nini wanawake wa huku wanapanda mbegu za kila rangi katika shamba moja, na kwa nini ugonjwa ukija haumalizi zote. Miaka yote hii nimepanda milima nikiomba mbegu kwa akina mama, nikiwaachia chumvi. Sasa na wao wasikilizwe, hata kama ni kwa kinywa changu.

Euphrasie, sekretari wetu, hakucheka. Ameuliza kama bwana yangu ameshasaini. Mke wa mtu havuki mpaka bila karatasi ya ruhusa ya mumewe. Anamjua mwalimu mmoja, mke wa mtu, aliyerudishwa mpakani na sanduku lake kichwani.

– Pasipoti iko ya Leta, ya serikali, amesema, lakini weye uko wa Polycarpe.

Polycarpe yuko Kamituga, ni comptable, mtunza hesabu, kwenye mgodi. Jioni nimempa dereva wa lori la mgodi bahasha: karatasi ya kusaini, na salamu. Nimeandika salamu ndefu kuliko kawaida. Ataona.

Jumamosi, 30 Agosti

Bagira nzima, mtaa wetu wote, inajua. Sijui nani amesema. Labda mimi.

Tonton Emile, mjomba wetu wa mtaa mzima, amekuja kunifundisha safari. Alifika Bruxelles mara moja, mwaka 58, na tangu siku ile hakuna anayepanda ndege hapa kwetu bila kupita kwake kwanza. Alikaa, akaomba chai, akaanza. Pasipoti ifungwe kiunoni, chini ya kikwembe, usiku na mchana. Sanduku lifungwe kitambaa chekundu, maana kule masanduku yote yanafanana. Masweta mawili mwilini, hata kama jua linawaka. Kuku wa ndani ya ndege ni wa baridi, nibebe viazi vyangu.

– Na biki! Ubebe biki yako. Ku mupaka utaandika kila kitu: jina ya papa, jina ya mama, unaenda wapi, utarudia lini. Na usikopeshe mutu. Biki ya mupaka hairudiake.

Nimemwuliza kama yeye aliwahi kupoteza. Amesema ilikuwa nzuri sana, ya rangi ya dhahabu, na aliyeichukua alikuwa padri.

Jumatano, 3 Septemba

Lori limerudi. Bahasha haikurudi. Dereva anasema: "Papa Polycarpe anasema atakuja yeye mwenyewe." Lini? "Atakuja." Basi.

Nimevuta sanduku chini ya kitanda, nimelipangusa vumbi. Sanduku la kahawia, la ngozi kweli, na halijasafiri hata siku moja. Ni la Polycarpe. Mwaka 68 waliandika jina lake kwa stage, mafunzo ya kazi, kule Liège, Ubelgiji. Alinunua sanduku, tukafanya sikukuu, watu wakamuaga, wakampa mawaidha yao yote. Wiki iliyofuata wakamtuma mwingine. Polycarpe alilisukuma chini ya kitanda kwa mguu, na kwa miezi mingi alikuwa akipita njia ya nyuma kwenda kazini ili asiulizwe "umerudi lini."

Mama mkwe, Maman Marcelline, amenikuta nakunja vikwembe vyangu ndani yake. Ametazama muda mrefu.

– Utaenda na ile?

Nimesema hatuna lingine. Ni kweli, hatuna. Lakini nimeona haya, kama mtu aliyekutwa anakula chakula cha mwenzake.

Ijumaa, 5 Septemba

Cirhuza amenifanyisha mazoezi ofisini, Euphrasie akijifanya Ulaya nzima inayosikiliza. Niseme polepole, kwa sababu kuna watafsiri ndani ya kijumba cha vioo, na nikikimbia wataniacha. Nikisema neno la kuchekesha, ningoje: kicheko cha kule kinachelewa, kinapita kwanza kwa mtafsiri. Ninywe maji kabla, siyo katikati. Wakiniuliza nisichokijua, niseme sijui. Bazungu wanapenda hiyo.

Halafu, taratibu kabisa, akasema karatasi isipofika ataenda yeye. Yeye hakuna anayemwuliza ruhusa. Pasipoti anayo, kurasa za hotuba yangu anazo. Hana ubaya, najua. Atazisoma vizuri, na Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu. Lakini hajawahi kukaa jikoni kwa mtu, mvua ikinyesha, mama anafungua chungu cha mbegu na kusema: hii nyeusi nilipewa na nyanya yangu. Siwezi kumwandikia hiyo kwenye karatasi.

Nimeumia. Nimekunywa maji kabla, siyo katikati.

Jumapili, 7 Septemba

Padri ametangaza safari yangu baada ya misa. Kosa kubwa! Watu wanaamini nakwenda kumwona Baba Mtakatifu. Nimerudi nyumbani na rozari za parokia nzima ndani ya kikapu, zibarikiwe. Nikiwaambia nakwenda kwa ajili ya maharagwe, wanacheka, wanasema najishusha.

Maman Marcelline ameleta yake mwisho, ya mbao, imechakaa. Hakuomba ibarikiwe. Ameiweka mwenyewe ndani ya sanduku, pembeni, chini ya sweta.

Jumatano, 10 Septemba

Amekuja! Ana matope mpaka magotini, njia ya Mwenga ni mbaya. Ameoga, amevaa abacost yake mpya, suti ile ya kiserikali isiyo na tai, amemkuta Tonton Emile na majirani wote wamejaa nyumbani kuniaga. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa tayari.

Akasimama kusema. Sikujua kama mume wangu anaweza kusema vile. Kwamba mke wake amechaguliwa kati ya wanawake wote wa Kivu. Kwamba nisisahau nimetoka wapi. Nisitembee peke yangu giza likiingia, nisitie sahihi kitu nisichosoma. Watu wakapiga makofi. Binti yetu Eulalie akamkumbatia mguu. Hata mimi nilipiga makofi, na nilikuwa na furaha kweli.

Watu walipokwisha kuondoka nimeweka karatasi mbele yake, karibu na redio. Ameisoma yote kama anavyosoma hesabu za mgodi, kidole kwa kidole. Halafu akatazama sanduku mlangoni, limefungwa kitambaa chekundu.

– Iliingiza vitu vyote?

– Vyote.

– Nilifikiri iko ndogo.

Amezima redio, amekwenda kulala. Karatasi iko palepale. Ningesema, ningesema vibaya.

Alhamisi, 11 Septemba

Kamanyola, mpakani, ndani ya gari. Joto.

Asubuhi Polycarpe aliamka kabla yangu, akavaa abacost tena. Gari la kwenda Bujumbura lilipopiga honi, yeye ndiye aliyebeba sanduku, begani, njia ya mbele, taratibu, Bagira ikitazama. Nikamwuliza: na karatasi? Akagusa mfuko wake.

– Twende wote. Nitasaini ku mupaka, mbele yao. Baone ni mimi.

Akapanda. Milima ya Ngomo yote, sanduku lilikuwa magotini pake. Dereva alisema aliweke nyuma, akakataa. Mara moja tu aliniuliza kama Roma iko mbali na Liège. Nikasema sijui. Kumbe ninajua.

Wenzangu wa gari wameshapita wote kwa afisa, wananingoja tu. Kesho ndege inatoka Bujumbura. Polycarpe ameingia ofisini na pasipoti yangu na karatasi. Dirisha liko wazi, ninamwona. Ameweka sanduku juu ya meza ya afisa kama ni lake. Afisa anamwuliza kitu, na yeye anaeleza, anaeleza, mikono yote. Namsikia anasema "maharagi." Anasema "Roma." Afisa amempa kiti. Naona afisa anafikiri msafiri ni yeye, na Polycarpe bado hajamwambia hapana.

Sasa ameinama juu ya karatasi. Amesimama tena. Biki ya afisa imekauka, anaitikisa. Polycarpe anapapasa mifuko ya abacost – comptable bila biki! Anageuka dirishani, ananitafuta kwa macho.

– Maman Eulalie, uko na biki?

Ninayo moja tu, hii ninayoandikia