Ndiyo Moja ya Sainte-Ludivine

Kambi ya pili, Mto Mattawin, Jumapili, 24 Mei 1942. Leo ni siku ya ishirini na tano tangu niondoke nyumbani.

Shangazi Clémence,

Nisamehe mwandiko, niliishia darasa la nne na vidole vimevimba kwa maji baridi, lakini mpishi wetu hutusomea ukurasa wako kwa sauti kila mashua ya chakula ikileta gazeti, na nimeona anayekuandikia humtaji jina, basi nisaidie na mimi, maana nimefanya jambo ambalo hata padri sijamwambia.

Mimi ndiye yule mmoja.

Mwezi uliopita serikali ilipoitisha kura kutuuliza kama tunairuhusu kuivunja ile ahadi yake ya kutowalazimisha vijana kwenda kupigana ng'ambo, parokia yetu ya Sainte-Ludivine ilipiga kura mia moja themanini na nane, na Hapana zikawa mia moja themanini na saba. Majimbo ya Waingereza yamejaa Ndiyo, wao wanatuita waoga, sisi tunaosema Kifaransa tunawaita mashujaa wa kutuma watoto wa wenzao, hayo tumeyazoea. Lakini Ndiyo kutoka kwetu! Mzee Philémon Lacasse, mzee wa kanisa na baba wa mchumba wangu Rose-Alma, alisimama kwenye ngazi za kanisa, akavua kofia, akasema, "Jamani, kuna mmoja hapa anakula njegere zetu na kumpigia kura mfalme wao. Nitampata." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, mpaka jirani akaniuliza kama naumwa.

Shangazi, sipendi vita hata kidogo. Nilipiga Ndiyo kwa sababu ya Ovide.

Ovide ni kaka yake Rose-Alma. Kwetu kijana haachwi sebuleni na mchumba wake bila mlinzi, na mlinzi wetu ni Ovide, mwaka wa pili huu, nikiwa nyumbani, kila Jumanne, Alhamisi na Jumapili, anaweka kiti katikati yetu, si pembeni, Shangazi, katikati, anavua viatu, anaanza kupiga vijiko viwili kwenye goti kama ngoma mpaka saa inalia niende zangu. Nikisema, "Rose-Alma, umependeza leo," anajibu yeye, "Asante, shemeji, na wewe nywele zako leo zimekubali kulala." Ana mke, Blandine, aliyemwoa mbiombio Julai ya 1940, wiki ile vijana wote walikimbilia kanisani kama nyumba inaungua, ila Blandine hataki vijiko karibu na kichwa chake, kwa hiyo anamtuma kwetu. Jumapili ya kuamkia kura nilikuwa na maneno niliyoyafanyia mazoezi msimu mzima wa kukata miti, nikaanza, "Rose-Alma, usiku kambini huwa nawaza…" na Ovide akamalizia, "…nani ameniibia soksi." Rose-Alma akacheka mpaka akatoka kunywa maji.

Kesho yake nikiwa na penseli mkononi nilimwona Ovide ndani ya meli kubwa, yuko mbali sana, anawapigia Wajerumani vijiko, na mkono ukaenda wenyewe. Nilijua wote watasema Hapana, nikaona yangu moja itapotea humo kama tone mtoni.

Haikupotea. Wamemwangukia mzee Zéphirin, fundi viatu, eti kwa kuwa redio yake inasema Kiingereza, na hiyo redio anaisikilizia mpira wa magongo tu. Sasa hakuna anayempelekea kiatu, watu wanatembea na soli zinazopiga makofi kwenye matope kuliko kuingia kwake. Na buti zangu hizi za misumari alizishona yeye, Shangazi. Siku nzima narukaruka juu ya magogo tunayoyashusha kwa mto, yanayobingirika, juzi mwenzangu aliteleza tukamvuta kwa nywele, mimi sijateleza hata mara moja, na kila hatua nasikia aibu kisiginoni.

Juzi Rose-Alma kaniandikia kwamba sikukuu ya Mtakatifu Yohana watachoma sanamu ya Bwana Ndiyo mbele ya karakana ya Zéphirin, na baba yake ananiomba mimi niwashe moto, halafu wanaomba na suruali yangu ya zamani ya kuivalisha sanamu, kwa kuwa wameona kimo kinalingana.

Nikisema, nampoteza Rose-Alma, na harusi ni Agosti. Nikinyamaza, mzee wa watu anaungua kwa kosa langu, tena ndani ya suruali yangu. Nifanyeje? Magogo yasipokwama narudi Jumanne tarehe 23 Juni, na moto ni kesho yake.

Mimi,
Mwenye Buti za Misumari

*

Mwanangu Mwenye Buti,

Nimekusoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimekaa, mara ya pili nikitembea chumbani ili nisikutukane.

Una haki ya kupiga kura utakavyo, na kura ni siri, hata mzee wa kanisa hana ruhusa ya kuchungulia. Lakini kuna mama wanaolala na rozari mkononi wakiomba vijana wao wasichukuliwe, na wewe umepima jambo hilo kwa vijiko viwili! Pole kwa vijiko. Najua vinavyokera, mume wangu pia anapiga. Hata hivyo sikumtafutia meli.

Sasa kaa chini, na kama uko juu ya gogo shuka kwanza. Ovide ameoa Julai ya 1940. Unadhani walikuwa wanakimbilia nini kanisani wiki ile, keki? Aliyeoa kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi ule, serikali haimwiti. Aliyeoa baada ya hapo inamhesabu kapera, hata akizaa mapacha. Harusi yako ni Agosti hii. Katika sebule ile, mtu pekee ambaye kura yako ingempandisha meli, mwenye miguu mizima na aliyezoea maji baridi, ni wewe. Umejipigia kura mwenyewe, mwanangu.

Basi fanya ninavyokuambia. Leo hii mwandikie Rose-Alma kila kitu, na vijiko uviandike. Asikie kwako, asisikie motoni. Suruali usiitume. Usirudi tarehe 23, rudi 22, na kabla hujabisha kwa mchumba ingia kwa Zéphirin mchana kweupe, buti mkononi, uombe msamaha na soli mpya kwa sauti ya kufika barabarani. Kisha mwendee Mzee Philémon, umwambie ukiwa umesimama. Atapiga kelele. Mwache apige. Wewe ulicheka kwenye ngazi za kanisa wakati mzee mwingine anasingiziwa, na hilo ndilo kosa lako hasa, kubwa kuliko kura.

Shangazi Clémence

*

Mto Mattawin, Jumapili, 14 Juni. Siku ya arobaini na sita.

Shangazi,

Mpishi aliisoma barua yako kambi nzima ikisikiliza, na walipocheka mimi sikucheka, kwa hiyo wote wakajua ni mimi. Sasa wananiita Bwana Ndiyo hata nikiombwa chumvi.

Rose-Alma amejibu mistari mitatu. "Mjinga wewe. Mimi nina miaka ishirini, sheria inataka ishirini na mmoja. Ningeruhusiwa kupiga kura, Ndiyo zingekuwa mbili."

Suruali sijaituma. Narudi Jumatatu tarehe 22, kwa treni ya asubuhi, na kwa fundi viatu kwanza.