Mupunga Barabarani

Kasongo, 4/6/2024

Mama yangu,
Uko namna gani na miguu yako? Mi niko muzima, ila kazi inanitesa roho. Profesa wetu wa uchumi anatafuta sababu gani watu wa Kabambare wanabaki maskini, na ripoti yake njo itaonyesha madaraja ya kujenga kwanza. Wenzangu walipita kwenu nyumba kwa nyumba. Wamaza yote imesema haina mupunga. Bila mupunga, hakuna mutu atawajengea daraja. Ni kweli mulikosa mavuno?
Mutoto wako, Chimène

Wamaza, 15/6/2024

Chimène mutoto wangu,
Miguu inauma, lakini inanifikisha shambani. Dada yako Falonne anakusalimia. Sasa we unauliza mavuno? Mupunga iko mpaka chini ya vitanda! Vijana wenye kalamu wakiuliza magunia, tunajua kodi inafuata. Kila mutu alificha, hata jirani yake asione. Na bila daraja ya kuufikisha soko, huu mwaka tena mupunga utaozea hapa. Umwambie profesa arudie, tutasema kweli.
Mama yako

Kasongo, 24/6/2024

Mama,
Pole na miguu. Profesa amekataa. Anasema mutu akigeuza maneno, yote mawili hayafai. Alhamisi anapita kwenu akienda Kabambare, lakini hatasimama. Nimeshindwa, Mama, na ninaogopa.
Mutoto wako

Wamaza, 2/7/2024

Mutoto wangu,
Tunapumua, Mungu asifiwe. Asiposikia, basi aone. Ile Alhamisi wamama tulitoa mupunga wote, tukauanika barabarani kama desturi yetu. Pa kupitisha pikipiki yake hapakubaki. Profesa akashuka, akavua viatu, akatembea katikati ya mupunga.
Lakini njo sisi wenyewe tulishangaa zaidi. Tulikuwa kama wageni mu kijiji yetu. Kumbe hii yote ni yetu? Marcelline, mwenye huja kuniomba chumvi, akalia. Wanaume wakaangalia, wakachukua mashoka, wakaenda salongo, ile kazi ya kijiji yote pamoja, kule mutoni.
Mama yako

Kasongo, 9/8/2024

Mama yangu mupenzi,
Utulize miguu, hapa unaombewa. Leo niliacha kuandika, nikatoka kuangalia kelele za soko. Falonne alikuwa mbele, matope mpaka magotini, anasukuma baiskeli na magunia. Nyuma yake baiskeli zingine, mwisho sikuuona. Nikauliza: "Mumevukia daraja ya nani?"
Akanicheka. "Ya nani tena? Yetu."
Profesa alisimama karibu yangu. Ripoti yake ilikuwa ingali mezani, bila sahihi.
Chimène, mutoto wa Wamaza