Mkuyu wa Uwanja wa Soko, Kericho

Jumatatu, 4 Machi 1929
Kutwa msituni, kupasua mbao. Mgongo unauma kama kawaida. Jioni nyapara akaniita. Kesho mimi na mwenzangu Arap Koech tushuke mjini, tuangushe mkuyu ulio katikati ya uwanja wa soko. Malori ya chai hayapati pa kugeuka. Bwana mwenye shamba amesema nikishindwa narudi kwenye jembe. Sitashindwa. Tangu nitoke kwetu ziwani hakuna mti ulionishinda.

Jumanne, 5 Machi
Mti mkubwa kweli. Kivulini wanawake wa Kipsigis wanauza maziwa na nafaka ya wimbi. Shina wamelifunga nyasi mbichi. Nilidhani ni takataka za soko. Nikazing'oa, nikapangusia msumeno. Wanawake wakaacha kupima wimbi.

Tulivuta msumeno kidogo tu, utomvu mweupe ukatoka. Arap Koech akaachia mpini. Akasema nyasi ni ombi la amani. Ukishikiwa nyasi, hupigi.

"Mti hauna mkono wa kushika nyasi," nikamwambia.

"Mama zangu wameushikia."

Akaenda kukaa nao. Nimekasirika sana. Msumeno wa watu wawili hauvutwi na mmoja.

Jumatano, 6 Machi
Nimemleta Okumu, wa kwetu. Hodari wa jembe, hodari wa ugali. Msumeno hajui, anasukuma badala ya kuvuta. Utomvu ukaganda, msumeno ukakwama ndani ya mti. Hauendi, haurudi. Muuza wimbi mmoja akaniita, "Wewe Mjaluo, mti umekushika mkono. Usalimie basi." Hata Okumu alicheka. Mimi sikucheka. Msumeno ni mali ya bwana.

Alhamisi, 7 Machi
Arap Koech amekuja mwenyewe, na mafuta ya kondoo kwenye kibuyu. "Nitavuta utoke. Kuingia, hapana." Tukapaka, tukautoa polepole.

Hapo nafasi nilikuwa nayo. Msumeno safi, Okumu yuko tayari. Ningeuangusha, najua. Lakini yule muuza wimbi alikuwa anafunga nyasi nyingine, akinitazama usoni. Juzi sikujua maana yake. Leo najua. Kwetu pia, anayeomba hapigwi.

Nikaufunga msumeno kwenye gunia. Nikamwambia nyapara nimekataa. Sikushindwa. Nimekataa.

"Haya fundi," akasema, "jembe linakungoja."

Jumamosi, 16 Machi
Mvua imeanza. Nalima. Mikono ina malengelenge kama ya mgeni. Sijuti.

Bwana aliuliza kambi nzima nani atashika msumeno. Wakipsigis walikataa. Okumu akasema ana homa. Matope hayakungoja mtu. Juzi vibarua wa barabara wakamwaga mawe kando ya mkuyu, pande zote, malori yapate njia ya kuuzunguka.

Leo kazi imeisha mapema, nikashuka sokoni. Yule mama wa wimbi akasogeza mzigo wake, nikapata pa kukaa. Lori la chai likaja, likapunguza mwendo, likauzunguka mkuyu.