Rangi ya Mabuyu

Mackinnon Road
4 Februari 2024

Dada yangu Twaiba,

Shikamoo dada, na assalaam aleikum. Hujambo wewe na shemeji? Kifua chake kimepata nafuu? Mwanao Mwanatumu hajambo, na shule yake je? Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, ila vumbi la malori halituachii nguo safi hata ya kuvaa sikukuu.

Mabuyu yako ya sukari na iliki uliyompa kondakta yalifika salama. Nimeyatundika mbele ya kibanda changu hapa stendi, na abiria wakiuona ule wekundu wanashuka wenyewe bila kuitwa. Mungu akuzidishie. Nimekuandikia ujumbe badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe hucheka tu, na hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Mwalimu wa mwanangu Nassir, Madam Kaindi, aliniita shuleni. Anasema mtoto hakai kitini. Anaandika herufi mbili, anainuka, anazunguka darasa lote, anarudi. Akaniuliza anakula nini asubuhi. Nikamwambia chai na mahamri. Akauliza, "Na mfukoni je?" Mfukoni ana mabuyu yako kila siku, maana ninayauza mimi mwenyewe. Akasema amesoma kwamba rangi zinazotiwa kwenye peremende na vitu kama hivyo huwachachawisha watoto wengine. Hana hakika, na alisema wazi kuwa hana hakika, lakini aliniomba nimzuie kwa muda tuone.

Naomba tu uniambie, dada, ile rangi yako inaitwaje?

Mdogo wako,
Hanifa


Msambweni
7 Februari 2024

Mdogo wangu Hanifa,

Marahaba, wa aleikum salaam. Shemeji yako kifua kimetulia, ameanza tena kwenda shamba. Mwanatumu hajambo, anakusalimu, anauliza Nassir anakuja lini.

Nimeusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa na wewe unisome. Mwambie Madam wako kwamba mimi na wewe tumelelewa na mabuyu. Mama alikuwa akipika sufuria nzima kila Alhamisi, na ulimi wako ulikuwa mwekundu mpaka Jumapili. Ulishindwa kukaa kitini? Nassir anarukaruka kwa sababu ana miaka sita na baba yake yuko barabarani na lori mwezi mzima. Hilo halihitaji kusomewa kitabu.

Rangi nanunua dukani kwa Jaafar pale Ukunda, mtu tunayemjua, msikitini yuko safu ya mbele. Ni ya unga. Tangu mwaka jana ananipa iliyo kali zaidi, maana ile ya zamani ilikuwa ikipauka juani na wateja wakidhani mabuyu yamelala. Hii kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima na haipauki. Jina lake silijui, ananipimia kwenye karatasi. Ingekuwa mbaya ningempa Mwanatumu wangu? Anayala kila akirudi shule.

Nimempa kondakta mzigo mwingine. Uza, usisikilize maneno.

Dada yako,
Twaiba


Mackinnon Road
21 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Leo sina pumzi ya salamu ndefu, unisamehe. Nakutakia afya tu, wewe na wote hapo nyumbani.

Jana asubuhi Nassir aliniita kutoka chooni. Aliita kwa sauti ndogo kama mtu aliyevunja kitu. Nilipofika nikaona mkojo wake sakafuni, mwekundu, dada, mwekundu kama sharubati. Nilimbeba hivyo hivyo bila hata viatu nikakimbia naye mpaka zahanati, na njiani nilikuwa nikimwahidi Mungu vitu ambavyo sina uwezo navyo.

Daktari alichukua mkojo, akaupima, akaupima tena. Akaniambia, "Mama, hii si damu."

Nikaanza kumshukuru Mungu, akainua mkono nisimalize.

"Ni rangi. Mtoto amekula nini chekundu?"

Nikamwambia mabuyu. Akasema nikayalete. Akayatia kwenye maji, akachovya kipande cha shashi nyeupe ya kufungia vidonda, kisha akanipa sabuni nikifue. Nilikifua mpaka vidole vikaniuma. Hakikutoka kitu. Maji yalibaki meupe na shashi ikabaki nyekundu.

Nikamuuliza kama ni yale aliyosema Madam Kaindi, kwamba rangi ya chakula inawasumbua watoto. Akasema hayo ni mengine. Rangi za chakula zilizoruhusiwa wataalamu bado wanazijadili: kuna watoto wanaozidi kuhangaika wakizila, na wengi hawaonyeshi lolote. "Lakini sidhani hii ni ya chakula," akasema. "Rangi inayoshika kitambaa namna hii imetengenezwa kwa ajili ya kitambaa." Anasema ikiliwa muda mrefu inaweza kudhuru ini. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema hajui, na hajui mwanangu amekula kiasi gani. Mimi pia sijui. Mimi niliyekuwa nikimjazia mfuko.

Nakuomba usipike tena mpaka ujue. Na usimpe Mwanatumu.

Mdogo wako,
Hanifa


Mackinnon Road
26 Februari 2024

Dada, shikamoo. Naona ujumbe umeusoma, alama za buluu zipo. Simu hupokei. Kama umenikasirikia, nigombeze, lakini uniambie kama Mwanatumu ni mzima.

Hanifa


Msambweni
2 Machi 2024

Hanifa mdogo wangu,

Marahaba. Alhamdulillah tuko hai. Natumai Nassir amepata nafuu na wewe unalala.

Kwanza nilikasirika. Niliona umechukua jina la mama na jina langu ukayamwaga mbele ya daktari. Nikaitupa simu kabatini. Halafu nikachukua kipande cha kanzu kuukuu ya shemeji yako nikafanya kama alivyofanya yule daktari, nikitaka nikuonyeshe kuwa amekosea. Nikakifua kwa sabuni ya mche, nikakianika. Mpaka sasa kiko kwenye kamba, chekundu, na haya mavumbi na jua havijakibadili.

Nikaenda Ukunda. Jaafar nikamkuta anampimia rangi ya majani ya ukili mama mmoja anayesuka mikeka ya kuuza hotelini Galu. Alichota kwenye mkebe wa bati chini ya meza. Zamu yangu ilipofika akachota mkebe ule ule.

Nikamwambia, "Jaafar, hiyo si ya ukili?"

"Ni hiyo hiyo, dada."

"Mimi napika mabuyu."

Akasimama na kijiko mkononi. "Mwaka jana ulikuja ukaniambia unataka nyekundu isiyopauka," akasema. "Hukuniambia ya kula. Nilidhani umeanza kusuka."

Hanifa, hakuniambia uongo. Nilimwomba kitu hicho kwa kinywa changu, naye akanipa. Nilikaa chini pale pale kwenye magunia yake ya mchele, na wateja wakinipita.

Bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Wajua huku kwetu mtoto akikojoa mwekundu hakuna anayeshtuka. Wanacheza mtoni, tunasema ni kichocho, wanapewa vidonge, basi. Mwanatumu tangu mwaka jana amekuwa hivyo. Vidonge amemeza mara mbili, vikubwa, vichungu, na kila mara mimi ndiye niliyemshika kichwa. Na kwa vile alikuwa akilia kwa uchungu wa dawa, nilimpa mabuyu ayamumunye.

Niliyakumbuka hayo nikiwa bado nimekaa kwenye gunia.

Jana nimempeleka hospitali. Wamempima mkojo, hauna damu wala mayai ya kichocho. Wamechukua damu waangalie ini. Yeye ananiuliza mbona sicheki.

Dada yako,
Twaiba


Mackinnon Road
3 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na pole, pole sana. Nimeusoma ujumbe wako nimesimama, nikaumaliza nimekaa.

Nassir mkojo umerudi kuwa mweupe. Madam Kaindi anasema ametulia kidogo darasani. Mimi nyumbani sioni tofauti, bado anapanda juu ya meza. Labda mwalimu anaona anachotaka kuona, au mimi ndiye nisiyeona.

Mabuyu yote nimeyachoma. Lakini yale niliyouza yalipanda mabasi, dada. Mengine yameshukia Taru, mengine Nairobi, kwenye mikoba ya watu nisiowajua majina. Kila basi likisimama naangalia nyuso za watoto dirishani.

Nijulishe majibu ya Mwanatumu.

Mdogo wako,
Hanifa


Msambweni
17 Machi 2024

Hanifa wangu,

Marahaba, na Ramadhani njema. Natumai mwezi mmeuanza kwa afya. Majibu yametoka, ini la Mwanatumu ni zima. Wamesema arudi tena baada ya miezi waangalie. Nilisujudu pale pale kwenye ukumbi wa hospitali, watu wakanizunguka wakidhani nimefiwa.

Nilimwomba mwalimu mkuu wa shule ya Mwanatumu anikutanishe na wazazi, maana watoto wao wengi hununua mabuyu kwangu. Nikasimama mbele yao nikawaambia yote: rangi, mkebe, Jaafar, vidonge. Nilitegemea matusi na niliyapata, na nilistahili. Wapo waliobeba watoto siku ile ile kwenda kupimwa. Nikarudi nyumbani nikidhani nimemaliza.

Juzi muuguzi wa shule alikuja kwangu. Vidonge vya kichocho vimeletwa na wazazi wamevikataa. Wanasema mtoto akikojoa mwekundu ni rangi ya Twaiba tu, itatoka yenyewe.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Tumeanza kupita nyumba kwa nyumba, mimi na yeye, nimefunga na sauti imenikauka. Leo tulifika kwa Kalekye, yule jirani wa kule mashambani. Mwanawe Musyoki alikuwa amelala mkekani, tumbo limemvimba, na mkojo wake mwekundu.

Kalekye akaniambia, "Si wewe ulisema ni rangi?"

Nikamuuliza, "Musyoki alikuwa akila mabuyu yangu?"

"Hajawahi. Harufu ya iliki inamtapisha."

Nikamwambia, "Basi hiyo ni damu, Kalekye."

Aliziba mdomo kwa mikono miwili. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, Musyoki yuko ndani, Kalekye ameniegemea bega.

Nyumba zilizobaki ni nyingi, na kila ninakogonga inabidi niwaambie yote mawili, kwamba niliwalisha watoto wao rangi ya mikeka, na kwamba si kila wekundu ni wangu. Wengi husikia la kwanza wakafunga mlango. Wewe hawana kinyongo nawe, na una sauti. Njoo unisaidie kusema.

Dada yako,
Twaiba


Mackinnon Road
17 Machi 2024

Dada, shikamoo. Kibanda nimefunga, Nassir nimemvika viatu. Tuko ndani ya basi.

Hanifa