Mtori wa Epifania

Moshi, 6 Januari

Na bado alinifungulia mlango. Niliipinga ndoa ya binti yangu, Aneti, nikasusa hata kwenda kumwona alipojifungua. Leo, baada ya ibada ya Epifania, nilipanda hadi kwake Masama na chupa ya mtori, ile supu ya ndizi ya wazazi, nikihofu kufukuzwa.

"Shikamoo, mama. Umechelewa miezi miwili."

"Marahaba. Mamajusi nao walichelewa. Mathayo asema walimkuta mtoto nyumbani, si horini. Wala hakusema walikuwa watatu."

"Hata wangekuwa mia, mama, nani alimletea mzazi mtori?" Akacheka, akaipokea chupa.

Mzaha juu ya Maandiko huniudhi. Lakini Aneti alikuwa tayari ameniwekea mjukuu mapajani.

Mumewe alipoingia na kunisalimu kwa heshima, nilizitafuta hoja zangu dhidi yake. Sikuona hata moja iliyosimama.